Mvinyo wa Ndugu Wasiosemezana

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile ni glavu.

Bwana Fosco alikuwa anachovya mkate kwenye maziwa ya moto huku amevaa glavu zake za kuwindia, za ngozi, zinazofika karibu na kiwiko. Maziwa yalikuwa yanamtiririkia hadi ndani ya mkono wa shati, naye anajifanya hayaoni.

Nikamtazama dada yake, Bi Armida, nijue kama naye ameona. Bi Armida alikuwa anamenya yai. Naye alikuwa na glavu. Zake nyeusi, za hariri, zile anazovaa kanisani Ijumaa Kuu tu.

Ulikuwa mwezi wa Aprili. Madirisha yalikuwa wazi na paka amejilaza kwenye jua tumbo juu.

Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Walionifuata tangu mwanzo wanajua jinsi harusi yangu na Duilio, fundi mapipa, inavyokwama. Mara ya kwanza nguruwe mwitu waliingia jikoni wakala keki yote, wakaacha sahani. Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi padre alivyokuja kubariki mapipa, akateleza akatumbukia kwenye tangi tupu, na alipotolewa akaapa kwamba hafungishi ndoa katika nyumba ile hadi mgongo wake upone.

Kwa anayenikuta leo, jina langu ni Isolina. Shule niliiachia darasa la tatu, nikaja hapa Ghiandaia, shamba la mizabibu kwenye vilima vya Siena, kupika na kufagia. Kazi ya tatu ilinijia bila kuiomba. Mimi ndiye mdomo wa nyumba hii.

Bwana Fosco na Bi Armida ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyeoa wala kuolewa. Mama yao alipofariki, kila mmoja alirithi nusu ya shamba. Kabla maua ya kaburini hayajanyauka, Bwana Fosco aling'oa mizabibu ya mama upande wake, ile ya Sangiovese, akapanda zabibu za Kifaransa zinazoitwa Merlot. Bi Armida alitoka nje akaona mashimo. Tangu siku hiyo hawasemezani.

Wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja, wanagombania dirisha moja. Neno likitoka kwa huyu kwenda kwa yule, linapita kwangu.

"Isolina," Bwana Fosco alisema, akifuta glavu kwa kitambaa, "mwambie yule bibi kwamba Kavaliere Nencioni anakuja kuonja mvinyo. Asimwanzishie habari za marehemu mama. Mtu anakuja kununua, haji matanga."

Bi Armida alikuwa karibu naye kiasi kwamba angeweza kumpiga kijiko.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Bi Armida, Bwana Fosco anaomba leo tusimtaje mama."

"Nimemsikia. Mimi si kiziwi."

"Ndiyo, Bi."

"Lakini umeacha matanga. Amesema matanga. Niambie yote."

"Na amesema Kavaliere haji matanga, samahani."

"Sasa mwambie yule mwenye masharubu kwamba mimi sina haja ya kumtaja mama. Zabibu zangu zinamtaja zenyewe. Zake zinamtaja nani? Zinataja kitanda. Mtu akinywa anapiga miayo."

Nikamgeukia Bwana Fosco. Uso wangu ulikuwa umeshawaka moto. Kila siku unawaka, hadi leo sijazoea.

"Bwana Fosco, Bi Armida anasema mvinyo wako unaleta miayo. Samahani."

"Mwambie wake unaleta meno kung'oka."

"Bi Armida, meno..."

"Nimemsikia."

Hivyo ndivyo tunavyopata kifungua kinywa.

Sasa niwaeleze kwa nini siku ile nilikuwa na hofu kuliko siku nyingine. Nencioni, anayeitwa Kavaliere kwa nishani aliyopewa na serikali, ni mfanyabiashara wa mvinyo wa Siena. Mwezi wa Februari alikuja akaonja mvinyo wa Bi Armida, akakunja uso. Akaonja wa Bwana Fosco, akafumba macho. Kisha akachukua glasi zote mbili akazimimina pamoja, akanywa.

"Huu peke yake unagombana," alisema. "Huu peke yake unalala. Mkiichanganya nusu kwa nusu, nitachukua mavuno yote, mwaka huu na miaka ijayo."

Ndugu wakakubali kuchanganya. Wiki nzima nilipanda na kushuka ngazi nikibeba maneno, mpaka pipa kubwa likajazwa nusu wa huyu, nusu wa yule.

Kavaliere akinunua, shamba linabaki, na chumba kilicho juu ya tanuri la mkate ni changu na Duilio. Ndugu wote wawili wameahidi, kila mmoja kwa wakati wake. Asiponunua, kila mmoja anauza nusu yake kwa kampuni ya Milano, Duilio hana mapipa ya kutengeneza, na mimi narudi kulala jikoni kwa shangazi yangu ambaye anafuga bata ndani.

Basi.

Kavaliere alifika saa ya chakula cha mchana. Ni mtu mnene, nadhifu, na mwenye kuogopa mikosi kuliko watu wote niliowahi kuwahudumia. Mfukoni ana ufunguo wa chuma wa mlango ambao ulishabomolewa zamani. Akiona mtawa, anaugusa. Akiona kofia imewekwa juu ya kitanda, anaugusa na kurudi nyumbani.

Aliwaona wenyeji wake wamevaa glavu mezani, akatia mkono mfukoni.

"Mna baridi?" aliuliza.

"Nina upele," alisema Bwana Fosco.

"Nina nadhiri," alisema Bi Armida.

"Upele na nadhiri siku moja, nyumba moja," alisema Kavaliere, na ule ufunguo nikausikia ukigonga sarafu zake.

Nilileta mkate wa kuchoma uliosuguliwa kitunguu saumu na kumwagiwa mafuta ya zeituni. Nikaleta jibini la kondoo na maharage. Mwisho nikaleta jagi, lililotoka kwenye pipa kubwa.

"Mimina, binti," alisema Kavaliere. "Huyu ndiye anayeolewa? Hebu nimwone uso."

Heri asingesema hivyo.

Mtu akitaka kuniona uso, shingo yangu inageuka yenyewe. Shingo ikageuka upande huu, bega likaifuata, na mkono wenye jagi ukapinduka nao. Nikamimina hivyo hivyo, kiganja kikiangalia juu, mvinyo ukipita juu ya kifundo cha mkono kwenda nyuma.



Nilipotazama glasi nikaelewa. Kwetu mtu hamiminiwi mvinyo namna ile. Mkono uliopinduliwa ni mkono wa msaliti. Zamani ndivyo walivyomimina wale waliokuwa na sumu ndani ya pete. Mtoto mdogo anajua. Hata mlevi, asiyejua njia ya kwake, anajua.

Kavaliere alirudisha kiti nyuma kana kwamba ameona nyoka. Goti lake likagonga meza, glasi ikaanguka, mvinyo ukatandaa kwenye kitambaa cheupe.

"Isolina," alisema Bwana Fosco polepole, "muulize yule bibi kama yeye ndiye aliyekufundisha kummiminia mgeni wangu namna hiyo."

"Bi Armida, Bwana Fosco anauliza..."

"Mwambie ni mgeni wangu mimi. Na mwambie msaliti nyumbani humu anajulikana, alianza na jembe."

"Bwana Fosco, jembe..."

"Mwambie..."

"Nyamazeni," alisema Kavaliere. Alikuwa anakitazama kile kitambaa, na uso wake ulikuwa umeanza kurudiwa na rangi. "Umemwagika. Asante Mungu, umemwagika. Mvinyo uliomwagika ni bahati, na bahati inaweza kufuta ule mkosi, mradi wote tulio hapa tujipake kabla haujakauka. Haya, vidole."

Hilo nalo kila mtu kwetu analijua. Unachovya kidole kwenye mvinyo uliomwagika, unajigusa nyuma ya sikio. Kavaliere akajipaka masikio yote mawili na kipara kwa ziada. Mimi nikajipaka. Paka alipita juu ya meza, Kavaliere akampaka na yeye.

Ndugu wawili hawakusogea.

"Vidole," alisema Kavaliere.

Bwana Fosco akanyoosha kidole chenye glavu.

"Hapana, Fosco. Bahati haiingii kwa ngozi ya mbuzi. Ngozi yako wewe."

"Nimekwambia nina upele."

"Nitauvumilia."

"Na mimi nina nadhiri," Bi Armida alisema haraka.

"Mungu atakusamehe kwa kidole kimoja. Mnataka niondoke hapa na mkosi mgongoni, nipande gari, nishuke na zile kona? Vueni."

Nilimwona Bwana Fosco akimtazama dada yake kwa jicho la pembeni. Nilimwona Bi Armida akifanya vilevile. Kisha wakavua, taratibu, kama watu wanaovuliwa viatu kwa daktari.

Mikono ya Bwana Fosco ilikuwa ya zambarau hadi juu ya vifundo.

Mikono ya Bi Armida ilikuwa ya zambarau hadi juu ya vifundo.

Rangi ile haitoki kwa sabuni. Ni rangi ya mashapo, yale yanayolala chini ya pipa. Anayepata mikono ya namna ile ni mtu aliyezamisha mikono yote miwili kwenye mvinyo akitafuta ndoo iliyomponyoka.

"Isolina," alisema Bwana Fosco, akiitazama mikono ya dada yake, "muulize alikuwa anafanya nini kwenye pipa."

"Mwambie atangulie yeye. Yeye ni mkubwa."

"Bwana Fosco, anasema utangulie. Wewe ni mkubwa."

Bwana Fosco alijikuna masharubu, yakabaki na doa. "Niliongeza kidogo," alisema, akiiambia dari. "Ndoo moja. Nilitoa ndoo moja ya mchanganyiko, nikatia ndoo moja ya mvinyo wangu. Jana, yeye akiwa kwenye rozari. Niliona ukali umezidi. Nilifanya kwa faida ya nyumba."

"Ndoo ipi?" alisema Bi Armida, akiliambia jibini.

"Ile ya kijani."

"Hata mimi." Akanywa maji kidogo. "Leo asubuhi, yeye akinyoa. Nilitoa moja, nikatia moja ya mvinyo wangu. Niliona usingizi umezidi."

"Na ule uliotolewa?" aliuliza Kavaliere.

"Nilimpa nguruwe," alisema Bwana Fosco.

"Nilimpa nguruwe," alisema Bi Armida.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nguruwe wetu alikuwa hajasimama kwa miguu yake tangu jana. Nilikuwa nimeshaanza kumwombea.

Kavaliere aliweka viganja vyote juu ya meza, mbali na mvinyo.

"Sasa mniambie ninunue nini," alisema. "Niliagiza mvinyo nilioujua. Nimeletewa jagi lililomiminwa kwa mkono wa msaliti, kutoka kwenye pipa lililochezewa na watu wawili kwa siri, kwa ndoo moja. Hata nguruwe amezimia. Mimi sinywi kitu hicho."

Nikaliona tanuri la mkate likiondoka na chumba chake. Nikawasikia bata wa shangazi.

"Isipokuwa," alisema Kavaliere, "aliyemimina anywe kwanza. Ndiyo dawa ya mkono uliopinduka. Anywe, tugonganishe glasi, na anitazame machoni. Asiponitazama, mkosi unakuwa miaka saba, nao utatupata wote, na mimi nina binti wa kuoza."

Kama angeniambia nipande juu ya paa nikatembea kwa mikono, ningepanda.

Nilimimina glasi mbili, kiganja chini safari hii. Tukainua. Nikamtazama.

"Hizo ni nyusi zangu," alisema Kavaliere.

"Samahani."

"Shuka chini kidogo, binti."

"Hapa?"

"Hiyo ni pua. Panda."

"Isolina," Bi Armida alininong'oneza akiwa amebana meno, "mtazame mtu, hakuli."

Nikamtazama. Yalikuwa macho ya kahawia, yenye mishipa, na yalikuwa yameogopa kuliko yangu. Hilo lilinisaidia. Tukagonganisha glasi, nikanywa.

Mimi nimekuwa nikionja mvinyo wa nyumba hii tangu nilipokuja. Wa Bi Armida ukiingia mdomoni unakusukuma, unakuuliza umetoka wapi. Wa Bwana Fosco unakukalisha chini na kukuvua viatu. Huu ulinisukuma, kisha ukanishika nisianguke. Nikatafuta mpaka wao uko wapi, huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Sikuuona.

Sikusema hivyo. Nilisema, "Sijafa."

Kavaliere akanywa. Akaurudisha mdomoni, akautembeza, akameza. Akanywa tena bila kututazama. Bwana Fosco alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yake ya zambarau, na upande wa pili Bi Armida naye ameushika vilevile.

"Ni uleule," alisema mwishowe. "Ni uleule wa Februari. Mmedanganyana sawasawa kiasi kwamba hamkubadilisha hata tone. Labda umekuwa bora kidogo, kwa kukorogwa."

Nilitaka kukaa chini, lakini mtumishi hakai.

"Basi unachukua," alisema Bwana Fosco.

"Bado." Kavaliere alijifuta mdomo. "Mvinyo nautaka. Nyumba ndiyo inanitia wasiwasi. Leo mmetiliana ndoo kwa ndoo. Mwaka ujao mmoja atachelewa kunyoa, mchanganyiko utaharibika, na jina langu litakuwa kwenye chupa. Mimi sinunui kwenye nyumba yenye midomo miwili inayopita kwa mtumishi. Peaneni mikono hapa mbele yangu. Na kila mmoja amwambie mwenzake neno moja, kwa mdomo wake. Neno lolote. Mkishindwa, naondoka."

Bwana Fosco alitazama dirishani. Bi Armida alikunja kitambaa chake cha mkono, akakikunjua, akakikunja.

"Isolina," alisema Bwana Fosco, "mwambie kwamba mimi sina tatizo, kama ataanza yeye."

"Isolina, mwambie aliyeng'oa ndiye anayeanza."

"Mwambie mizabibu ile ilikuwa na ugonjwa wa mizizi. Ningeiacha, ungefika hata upande wake."

"Mwambie hakunionyesha hata mzizi mmoja wenye ugonjwa."

"Mwambie hakuniuliza."

"Mwambie ningeuliza vipi na alishachoma moto kila kitu."

Kavaliere alisimama. Alichukua kofia yake kwenye msumari, akapiga vumbi lisilokuwepo.

"Mnaona," alisema, akiwa anamwambia paka zaidi kuliko sisi. Akaugusa ufunguo wake, akaelekea mlangoni.

"Isolina, mwambie Kavaliere asubiri," alisema Bwana Fosco.

"Isolina, mwambie Kavaliere ni kosa la huyo."

"Isolina, mwambie..."

"Mwambie, Isolina..."

Nilikuwa nimesimama katikati na jagi mkononi. Kavaliere alishika komeo. Huyu ananivuta aproni upande huu, yule upande ule, wote kwa mikono ya rangi moja, na aproni yangu ilikuwa nyeupe.

"Sisemi," nilisema.

Wakaiachia aproni. Nadhani walikuwa hawajawahi kusikia sauti yangu ikiwa haina sauti ya mmoja wao ndani yake. Hata mimi niliishangaa. Ilikuwa nene kidogo.

"Umesemaje?" aliuliza Bi Armida.

"Nimewabebea matusi yote. Hakuna hata moja nililoliacha njiani. Lakini kuna mengine mlinikataza nisiyafikishe, na hayo ndiyo yanayonilemea." Nilijua uso wangu umewaka, nikauacha uwake. "Bi Armida. Kila jioni Bwana Fosco huja jikoni kuniuliza kama goti lako limekuuma, kama umekula, na kama umekula chote. Kuni unazozikuta zimepangwa mlangoni kwako, za mzeituni, zilizopasuliwa ndogondogo usiiname sana, si mimi ninayezipasua. Aliniambia nikisema atanifukuza."

Masharubu ya Bwana Fosco yalianza kutikisika. Kavaliere hakulifungua komeo, wala hakuliachia.

Bi Armida alimtazama kaka yake. Mkono wake wa zambarau ulipanda hadi kwenye shingo ukabaki hapo. Kisha akaona nimemgeukia Bwana Fosco, akajua kinachofuata.

"Isolina," alisema, "mwanangu, nakuomba. Hilo hapana."

Nilimpenda sana kwa kuniita mwanangu. Sikunyamaza.

"Bwana Fosco," nilisema, "soksi zako zikitoboka, si mimi ninayezishona. Mimi sijui kushona."